Barua ya wazi: Msiache kampuni ya familia ife kabla jaji hajasoma ombi

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania,
Waheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria na Waziri wa Viwanda na Biashara,
Msajili wa Makampuni, BRELA,
na Kabidhi Wasii Mkuu, RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini).

Waheshimiwa,

Mimi ni mhasibu, nafanya kazi Mwanza, na riziki yangu kwa sehemu kubwa inatoka kwenye kampuni za familia: wenye mashine za kukoboa na kusaga, wenye malori, wenye maduka ya vipuri, wenye nyumba za wageni. Kwenye karatasi ni kampuni kamili, zina cheti na muhuri. Kwa matendo ni nyumba ya mzee fulani na watoto wake, na bodi ya wakurugenzi hukutana jikoni kwa mama, Jumapili baada ya chakula.

Nawaandikia kuhusu kinachotokea watu hawa wanapokosana mpaka mmoja wao anakwenda Mahakama Kuu kuomba kampuni ifilisiwe. Siongelei kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Naongelea kampuni nzima, ina wateja, inalipa kodi, ila wenyewe hawawezi tena kukaa meza moja. Sheria ya Makampuni ya 2002, iliyoanza kutumika 2006, inampa jaji uwezo wa kuamuru kampuni ya namna hii ivunjwe akiona kwamba haki na usawa vinataka hivyo. Uwezo huo sina ugomvi nao, na nitaeleza kwa nini. Ninachokilalamikia ni kwamba kampuni nyingi huwa zimeshakufa kati ya siku ombi linapopokelewa masjala na siku jaji anapolisikiliza. Jaji hajaamua lolote, na cha kuamua kimeshakwisha.

Nianze na namna zinavyozaliwa, maana ugonjwa huanzia huko. Mzee alikuwa na leseni ya biashara kwa jina lake. Siku moja benki ikamwambia mkopo mkubwa hautoki bila kampuni, au halmashauri ikatangaza zabuni inayotaka cheti cha usajili. Kwa miaka mingi sheria ilitaka wanahisa wasiopungua wawili, basi akajiandikia hisa 90 na kumpa mkewe 10, au akamwingiza mdogo wake waliyeanza naye dukani. Katiba ya kampuni ikachapwa steshenari, kwenye kompyuta iliyokwisha kuchapa za wengine wasiohesabika. Nimewahi kushika katiba ya mashine ya kusaga sembe ambayo malengo yake ni pamoja na uchimbaji wa dhahabu, utalii na usafirishaji wa samaki nje ya nchi, na ukurasa wa sita jina la kampuni lilikuwa la watu wengine kabisa. Wenyewe walisaini kila ukurasa. Hakuna aliyeisoma, na kwa miaka kumi na kitu hakuna aliyepata sababu ya kuisoma.

Ndani ya katiba hizo za kunakili huwamo kipengele kinachowaruhusu wakurugenzi kukataa kuandikisha uhamisho wa hisa kwa mtu wasiyemtaka. Na sheria yenyewe inawaruhusu wenye zaidi ya nusu ya kura kumwondoa mkurugenzi kwa azimio la kawaida la mkutano. Kila kimoja kina sababu yake nzuri. Lakini vikimkuta mtu mmoja kwa pamoja, anabaki na hisa asizoweza kuziuza na kiti asichokuwa nacho tena.

Hapo ongezeni jambo ambalo sisi wahasibu tunalijua kuliko mawakili: kampuni ya familia haitoi gawio, yaani mgao wa faida kwa wanahisa. Gawio wanalisikia redioni, la kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa. Kwao faida hutoka kwa mlango mwingine. Fungua leja, tafuta akaunti ya mkurugenzi, utaiona yote imepangwa mstari kwa mstari: ada ya shule muhula wa kwanza, dizeli ya gari la nyumbani, mchango wa harusi ya binamu, nauli ya India mama alipokwenda kutibiwa moyo, bati za nyumba ya kijijini. Mwisho wa mwaka tunaziita mkopo wa mkurugenzi, au posho, tunafunga hesabu na maisha yanaendelea. Hilo ndilo gawio lao. Siku dada mmoja anapopigiwa kura na kaka zake na kuondolewa kwenye ukurugenzi, vyote hivyo hukatika asubuhi moja. Asilimia 25 yake iko palepale BRELA, haijaguswa na mtu, na haimpi hata ya chumvi.

Msidhani ni mambo ya Kanda ya Ziwa peke yake. London walikuwepo wafanyabiashara wawili wa mazulia ya Kiajemi, Ebrahimi na Nazar, walioshirikiana tangu katikati ya miaka ya 1940 na mwaka 1958 wakaigeuza biashara yao kuwa kampuni. Baadaye akaingia George, mtoto wa Nazar, na wazee wote wawili wakammegea sehemu ya hisa zao. Kuanzia siku hiyo baba na mwana walikuwa na kura nyingi mkutanoni. Gawio halikutolewa hata mara moja. Faida yote iligawanywa kama malipo ya wakurugenzi. Mwaka 1969 wakamwondoa Ebrahimi kwenye bodi kwa kura, na utaratibu wote wa sheria wakaufuata. Kesi ilipanda hadi House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, na mwaka 1972 ikaamuliwa kampuni ivunjwe. Lord Wilberforce, mmoja wa majaji wake, alieleza kwamba nyuma ya kampuni wamo watu wenye haki, matarajio na ahadi baina yao, na si lazima yote hayo yawe yameandikwa katika katiba ya kampuni. Akataja dalili za kampuni ya namna hiyo: uhusiano wa kuaminiana, mapatano kwamba wote au baadhi yao watashiriki kuiendesha, na hisa zisizoweza kuuzwa nje kwa uhuru. Nikizipitia dalili hizo naona majina ya wateja wangu, mmoja baada ya mwingine.

Ndiyo maana siwaombi mziba njia hii. Bila uwezo huo wa jaji, mwenye hisa chache angebaki mateka wa ndugu zake maisha yake yote, na watoto wake wangerithi umateka huo.

Lakini tazameni tena kesi ile. Ebrahimi alikuwa ameomba pia hisa zake zinunuliwe. Nafuu hiyo katika sheria ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa finyu, akaikosa, kukabaki kuvunja. Waingereza wakaja kuipanua mwaka 1980. Sisi tunayo katika kifungu cha 233 cha sheria ya 2002: mwanahisa anayeumizwa isivyo haki na namna kampuni inavyoendeshwa anaweza kwenda mahakamani, na jaji anaweza kuamuru mengi, pamoja na upande mmoja kununua hisa za mwingine. Kampuni inaendelea, aliyeonewa anaondoka na chake. Kwa nini basi watu bado wanakimbilia ufilisi?

Kwa sababu ufilisi unatisha. Mawakili wanajua, na wengine watakwambia waziwazi mkiwa peke yenu. Kesi ya kununuliwa hisa inaweza kutambaa miaka, na muda wote huo kaka mkubwa ameshika funguo za ghala na kitabu cha hundi. Anayo sababu gani ya kuharakisha? Ila jina la kampuni likichapwa gazetini pembeni ya neno ufilisi, atakuja mezani kesho yake. Basi maombi mawili huwekwa kwenye karatasi moja: tunaomba hisa zinunuliwe, na kama si hivyo, kampuni ifilisiwe. La pili limewekwa kama fimbo. Bahati mbaya ni kwamba fimbo hii humpiga na aliyeishika.

Nitawaeleza ilivyokuwa kwa kampuni moja niliyowahi kuitunzia vitabu. Ilikuwa ya jumla, saruji na mabati, ndugu wanne, mji sitautaja. Dada yao alinyimwa hesabu, akaondolewa kwenye bodi, akafungua ombi. Alikuwa na haki, na nasema hivyo ilhali mshahara wangu ulikuwa unatoka kwa kaka zake.

Siku tangazo la ombi hilo lilipotoka gazetini, meneja wa benki alinipigia simu kabla sijafika ofisini. Akaunti imesimamishwa mpaka wanasheria wa makao makuu watoe maelekezo. Hakuwa mtu mbaya. Sheria inasema kampuni ikiamriwa kufilisiwa na mahakama, mali yoyote iliyotolewa baada ya ufilisi kuanza ni batili isipokuwa mahakama iseme vinginevyo, na kuanza huko huhesabiwa kurudi nyuma hadi siku ombi lilipowasilishwa. Benki inayolipa hundi leo inaweza kuulizwa keshokutwa na mfilisi, yaani anayeteuliwa kukusanya na kuuza mali ya kampuni, fedha zimekwenda wapi. Ungekuwa wewe ndiye meneja, ungelipa?

Kilichofuata hakikuhitaji mkono wa mtu. Msambazaji aliyekuwa akituachia mzigo kwa siku 30 akataka fedha taslimu kabla ya kupakia. Taslimu iko benki, na benki imefunga. Malori mawili yalikwama njiani kwa kukosa dizeli, madereva wakilala chini ya matela. Wenye maduka ya rejareja, tuliokuwa tunawadai, nao wakaacha kulipa, na jibu lao lilikuwa moja: "Tusubiri tumjue mwenye mali ni nani." Hilo ndilo lililoimaliza kampuni kuliko lingine lolote. Mtu asiyejua biashara ya jumla hudhani utajiri uko ghalani. Uko kwenye daftari la madeni, na deni la mjini hulipwa kwa heshima ya kesho. Kesho ikitiliwa shaka, daftari linageuka karatasi.

Mishahara ikachelewa. Wafanyakazi wazuri wakaondoka kwanza, kama kawaida, kwa sababu wao ndio wenye pa kwenda. Kisha wadai wakaanza kuleta madai yao, na mkopo wa benki, ambao dhamana yake ilikuwa hati ya nyumba anayoishi mama yao, ukaitishwa wote kwa mara moja. Kufikia siku shauri lilipoanza kusikilizwa kwa kina, swali la haki na usawa lilikuwa limepitwa na wakati. Kampuni ilikuwa haiwezi kulipa madeni, basi. Mawakili wa pande zote mbili walikubaliana juu ya hilo, jambo la kwanza walilokubaliana tangu waanze. Yadi iliuzwa kwa bei ya mnada. Dada alipata robo yake, robo ya masalia.

Waheshimiwa, katika hayo yote sikuona jaji aliyekosea, wala karani aliyepindisha. Kila mtu alifuata kanuni, na ndiyo sababu nazungumza na nyinyi mnaozishika kanuni zenyewe.

Huko sheria yetu ilikotoka wameliona tatizo hili na kulipatia dawa isiyo na gharama. Uingereza hutofautisha ombi la mdai, yaani anayeidai kampuni fedha, na ombi la mwanahisa. Ombi la mdai hutangazwa, maana wadai wengine wanahitaji kujua. La mwanahisa halikimbilii gazetini: mahakama hupanga kwanza siku ya pande zote kufika, na hapo ndipo hakimu anapotoa maelekezo, likiwemo suala la kama litangazwe au lisitangazwe. Mwongozo wa mahakama unawaonya pia mawakili wasichomeke ombi la kufilisi kama mazoea tu pembeni ya ombi la mwanahisa aliyeonewa. Na anayelichomeka anatakiwa aeleze kama anakubali itolewe amri ya kuiwezesha kampuni kuendelea na shughuli zake za kawaida wakati shauri linasubiri.

Hayo ndiyo ninayoyaomba kwako, Mheshimiwa Jaji Mkuu, na kwa Wizara mnayoshirikiana nayo katika kanuni. Ombi la mwanahisa dhidi ya kampuni inayolipa madeni yake lisitangazwe mpaka jaji awaone wahusika. Na amri ya kuruhusu malipo ya kawaida, yaani mishahara, kodi, mzigo na dizeli, itolewe siku hiyo hiyo ya kwanza bila kusubiri mtu aiombe kwa hati ya dharura. Anayeipinga ndiye aeleze kwa nini. Benki zitatii amri ya mahakama kwa furaha. Kinachozifungia mikono ni ukimya. Kanuni za namna hii hazihitaji muswada kupelekwa Dodoma na kusomwa mara tatu.

Wakili mmoja rafiki yangu alipoisoma rasimu ya barua hii alinipinga vikali. Alisema ukimwondolea mnyonge tangazo, umemnyang'anya silaha pekee aliyonayo, na kaka mkubwa atapumua. Ni hoja nzito, nami nimeizungusha kichwani muda mrefu. Jibu langu ni kwamba mnyonge apewe saa badala ya silaha hiyo. Kinachompa kaka mkubwa kiburi ni muda usio na mwisho. Apangiwe siku: kufikia tarehe fulani awe ameweka mezani ofa ya kununua hisa, la sivyo shauri la kuvunja linaendelea na yeye ndiye atakayebeba gharama.

Ofa ya maana ikoje, hilo nalo halihitaji kubuniwa upya. Mwaka 1999, katika kesi ya O'Neill na Phillips, Lord Hoffmann, naye jaji wa House of Lords, alieleza: bei ya haki, ambayo kwa kawaida ni fungu la mtu katika thamani ya kampuni nzima bila kukatwa kwa sababu tu hisa zake ni chache, ipangwe na mtaalamu asiyefungamana na upande wowote, na pande zote zione taarifa zilezile. Anayekataa ofa kama hiyo hana sababu ya kuendelea na kesi. Anayekataa kuitoa, jaji ameshamjua.

Hong Kong upo mgahawa maarufu wa bata bukini wa kuchoma, Yung Kee, ulioanzishwa 1942. Mwanzilishi alipofariki 2004, wanawe wawili wakaja kugombana, na mwaka 2010 kaka mkubwa akaomba kampuni mama ifilisiwe. Alifariki 2012, kesi ikiwa bado inapanda ngazi. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ya Mwisho ikaamuru ivunjwe, lakini ikaisimamisha amri yake kwa siku 28 ili wahusika wajaribu kununuana. Siku 28 baada ya miaka mitano na kifo cha mmoja wao! Mimi naomba siku hizo ziwekwe mwanzoni.

Niseme sasa jambo ambalo wenzangu wa taaluma watanilaumu kwa kulisema hadharani. Kuthamini kampuni ya familia ni kazi chafu, kwa sababu mara nyingi pana vitabu viwili. Kuna hesabu zilizokwenda TRA, mamlaka ya mapato, zenye faida nyembamba, na kuna hesabu za daftari lenye jalada gumu linalokaa kwenye droo ya mzee. Walipokuwa wanapendana, wote waliyajua yote mawili, na wote walisaini zile za TRA. Wakikosana, aliyebaki ndani anamkabidhi mthamini za TRA: ona mwenyewe, kampuni haina kitu. Aliyetolewa anapiga kelele kwamba mauzo halisi ni mara tatu, kisha wakili wa upande wa pili anamuuliza kwa upole, sahihi hii kwenye hesabu za mwaka juzi ni ya nani? Nimemwona mama wa makamo akilitazama jina lake mwenyewe kwenye karatasi kwa dakika nzima asiweze kujibu.

Siombi mumsamehe mtu kodi. Naomba mthamini anayeteuliwa na mahakama asiishie kwenye hesabu zilizokaguliwa. Apewe ruhusa ya kuona taarifa za benki na miamala ya simu, vitabu vya mizani, risiti za mashine za kodi na ankara za wasambazaji. Gunia la mahindi linaloingia kinuni huacha alama sehemu nyingi kuliko wenyewe wanavyodhani. Na TRA ikitaka chake baada ya hapo, itakipata kwa kampuni iliyo hai kwa urahisi kuliko kwa mfilisi.

Msajili wa Makampuni, kwako nina maneno machache, ila ndiyo yanayoweza kuzuia mengi. Anayesajili kampuni leo kwenye mfumo wako wa mtandaoni huulizwa hisa ngapi, wakurugenzi nani, makao wapi. Haulizwi: mmoja wenu akitaka kutoka, atanunuliwa na nani na kwa bei itakayopangwa vipi? Akifa je? Kura zikigongana nusu kwa nusu, nani atavunja mkwamo? Weka katiba ya mfano kwa kampuni za familia, kwa Kiswahili kinachosomeka, yenye vipengele hivyo ndani, na anayevikataa abonyeze kwamba amevikataa. Tangu 2021 sheria imeshakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Haieleweki kwa nini mzee wa Sengerema aendelee kusaini katiba ya Kiingereza iliyonakiliwa, ambayo mahakama ndiyo itakuja kumsomea kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 70.

Suala la mirathi nalo linakuhusu. Ugomvi mwingi niliouona haukuanzia kwenye biashara, ulianzia msibani. Mzee anafariki, msimamizi wa mirathi anateuliwa, nyumba na mashamba vinagawanywa, na hisa zinabaki BRELA kwa jina la marehemu mwaka baada ya mwaka. Mtoto aliyekuwa dukani siku baba anafariki anaendelea kukaa dukani. Wengine wanaambiwa, wewe si mwanahisa, jina lako liko wapi? Na kweli haliko. Si lazima kila mtu awe mchoyo ili hali hii itokee. Uvivu wa kujaza fomu unatosha, pamoja na hofu ya kodi ya uhamisho. Kampuni ambayo mwenye hisa nyingi amefariki ingepaswa kuonekana kwenye mfumo wako na kuandikiwa barua kabla ndugu hawajaandikiana zao. RITA, ambao mko karibu na vizazi, vifo na ufilisi kwa pamoja, mnaweza kumpa Msajili taarifa hizo.

Na mkiteuliwa nyinyi wa RITA, au mfilisi binafsi, pale ambapo ufilisi haukwepeki, uzeni biashara ikiwa inatembea. Wapeni ndugu wenyewe nafasi ya kwanza ya kushindania bei, kila mmoja kwa bahasha yake. Mashine ya kusaga yenye wateja na jina huuzwa bei moja. Mashine ileile ikiwa imefungwa miezi minne, mikanda imekauka na panya wameshahamia, huuzwa kwa kilo.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ushauri mzuri kwa jirani. Jaji hana anasa hiyo, yeye ameitwa ndani, na ndani kuna mambo mawili kwa wakati mmoja, kesi ya biashara na kesi ya nyumba. Kenya walipoanza mwaka 2016 majaribio ya upatanishi unaoendeshwa chini ya mahakama, walianzia Nairobi katika divisheni mbili: ya familia na ya biashara. Ugomvi wa kampuni ya familia una mguu katika kila moja. Kwetu usuluhishi upo katika kesi za madai, na Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, iliyoanza 1999, ina uzoefu nao. Naomba maombi ya wanahisa wa kampuni za familia yapitishwe humo kwa lazima, tena mbele ya msuluhishi anayeweza kusoma mizania. Nimekaa kwenye kikao ambacho msuluhishi aliwahubiria ndugu upendo kwa saa mbili, na walipotoka hakuna aliyejua thamani ya hisa moja ni shilingi ngapi. Wakijua bei, wengi wao hawahitaji kuhubiriwa.

Kuna familia nazijua ambazo mwaka huu zitafika masjala ya Mahakama Kuu na ombi la namna hii. Vitabu vya mbili kati ya hizo viko mezani kwangu ninapoandika. Moja inaajiri watu zaidi ya arobaini. Ninachoomba kwa ajili yao, na ambacho kingeweza kutangulia kabla kanuni mpya hazijaandikwa, ni mwongozo wa ukurasa mmoja kutoka ofisi ya Jaji Mkuu kwenda kwa majaji na wasajili wa mahakama: ombi la mwanahisa likipokelewa, lisitangazwe, lipangiwe jaji ndani ya siku 14, na swali la kwanza jaji atakalowauliza wahusika liwe mishahara ya mwezi huu italipwaje.

Wenu mtiifu,

Mhasibu wa kampuni za familia,
Mwanza.